Mafurungu Yaliyokataa Weusi

Mimi sikusoma. Chuoni sikuvuka Juzuu Amma, nikatolewa kwenda kuvukuta moto. Ufundi wa kufua fedha nimeupata kwa mikono hii, na Bagamoyo nzima, miaka ile Wajerumani hawajaishika, ilinijua. Basi mtu asinifundishe madini.

Madini yana koo. Shaba nyekundu, fedha na dhahabu ni ndugu: laini chini ya nyundo, huvutika kama uzi, na kutu hayaijui. Tia ncha moja ya fedha motoni, ncha nyingine utaitupa mara moja, maana joto hulipitisha upesi. Chuma ni ukoo mwingine, kigumu, kinaliwa na kutu. Bati na risasi ni watu wepesi, hata moto wa jikoni unawayeyusha.

Kwetu sisi mafundi, mtu hafui pambo la harusi la mwanawe. Humpa mwenzake. Na mwenye fedha, awe nani, hukaa kando ya moto mpaka imwagwe kwenye kalibu, kwa kuwa ikishayeyuka haina tena alama ya mwenyewe. Binti yangu alipoposwa na watu wa Zinga, nilichukua mikufu ya marehemu mama yangu, nikampelekea fundi tuliyechanjana naye, damu yangu kaila na yake nimeila. Amfulie mwanangu mafurungu ya miguuni. Nikavuta kibao nikae.

Akacheka. "Ndugu yangu, unanilinda?"

Nikaona haya, nikaenda zangu. Kosa langu ni hilo, sina jingine.

Harusi ikapita, miezi ikapita. Wanawake wenziwe huko Zinga wakisugua mafurungu yao kwa ukwaju, ya mwanangu yanang'aa vile vile. Mke wangu kichwa juu: "Fedha ya mama mkwe wangu hiyo! Haichoki!" Mimi nahesabu miezi. Fedha ya kweli, karibu na bahari, huwa nyeusi. Ndiyo tabia yake.

Binti alipokuja kutuamkia nikamwomba furungu moja. Nikachemsha mayai, nikalizika kwenye viini vyake pamoja na pete yangu ya fedha. Kufika adhuhuri pete nyeusi kama chungu. Furungu jeupe, halijaguswa.

Wakati ule nilikuwa nikiwatengenezea watu wa misheni vikombe vyao. Padri wao mmoja alikuwa na karatasi ukutani, visanduku visanduku, kila asili ya vitu na kisanduku chake. Nikampa furungu. Akalitonesha maji makali yanayokula madini, yakageuka kijani.

"Hapa hamna fedha, fundi. Ni shaba, zinki na nikeli."

Akanionyesha nikeli ilipokaa: bega kwa bega na chuma. Na shaba, fedha, dhahabu, zimesimama safu moja, kama nilivyojua mimi bila karatasi. Ila safu hiyo hiyo kaweka na kitu ambacho, alisema, ukikitia majini kinawaka.

"Padri, huyo hakuzaliwa ukoo huu. Amehamia."

Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi kicheko nitakitoa wapi?

Nikaenda kwa ndugu yangu, nikaliweka furungu juu ya fuawe lake. Hakukana. Mikufu ya mama alikwisha kuiuza Unguja.

"Linang'aa kuliko fedha," akasema. "Mkwe gani atajua?"

"Mimi nimejua."

"Wewe? Wewe nilijua hutapima. Si ndugu yangu?"

Hapo ndipo aliponichinja. Mikufu si kitu. Aliupima udugu wetu, akaona unatosha kunifumba macho. Nikalichukua furungu, nikatoka. Mpaka leo salamu yake siipokei.

Lakini Zinga walikuwa bado hawajajua, na siku wakijua, aibu ingekuwa ya mwanangu. Nikaung'oa mpini wa fedha wa jambia langu, nikaongeza na ile pete, na vikuku vya mama yake. Nikaivunja mila, nikawasha moto mwenyewe. Nikamwita binti, nikamwekea kibao.

"Kaa hapa. Usiinuke mpaka imwagwe."

"Kwako, baba? Nikulinde wewe?"

"Mimi nani? Kaa."

Akakaa. Alikuwa akilia, sijui kwa moshi au kwa ajili yangu, lakini macho hakuyaondoa kwenye moto.