Kura ya Bi Enid

Enid Garbutt alizaliwa juu ya lango, akaolewa akabaki juu ya lango, na mumewe alifia humo humo, katika vyumba viwili vilivyo juu ya tao ambalo watawa walipita zamani kwenda kusali. Mfalme wa enzi hizo alipoibomoa abasia yetu ya Skelby, makao ya watawa hao, lango lilinusurika kwa sababu moja tu: lilikuwa na mtu ndani. Tangu hapo halijawahi kukosa mtu. Wataalamu wamejaza kurasa kulisifu, bila kumtaja hata mmoja aliyekuwa akilifagia.

Kosa la Enid lilikuwa kuandika barua. Paa lilivuja juu ya kitanda, akaiomba halmashauri vigae vitatu. Badala ya fundi akaja Bwana Pomfret, mwenyekiti wa kamati ya urithi, mtu anayelengwalengwa na machozi kila aonapo jiwe la zamani. Akapapasa ukuta.

"Mama, unajua hapa unapopikia ni wapi?"

"Jikoni," Enid akamjibu.

Baada ya miezi miwili kamati ilikutana. Ukumbi wa kanisa ulikuwa na mnada wa nguo kuukuu, basi sisi wanakamati tukakutana kwake Enid. Alituokea keki ya matunda, akatumiminia chai sote kumi na wanne. Hoja ilikuwa hii: lango liwe makumbusho, na mkaaji ahamie nyumba za wazee nyuma ya kituo cha basi.

"Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Wangu pia, sijifanyi malaika, keki yake ilikuwa mdomoni mwangu. Pomfret akamgeukia mwenyeji. Kwetu huku mtu haharibu kikao cha wageni nyumbani kwake. Enid akaweka birika chini, akanyoosha mkono.

"Kwa kauli moja!" akasema Pomfret. "Na keki tamu kweli, Mama."

Nilimvuta kando ngazini. "Enid, una wazimu? Umenyoosha mkono wa nini?"

"Ningefanyaje, Dora? Walikuwa hawajamaliza chai."

Paa likaezekwa upya lote. Kiti chake cha kando ya moto kikazungushiwa kamba nyekundu, na kibao: Usiketi. Enid mwenyewe akapewa kazi ya kujitolea, Jumanne na Jumamosi, kuwaeleza wageni jinsi mkaaji wa lango alivyoishi. Alieleza kiangazi kizima, amesimama, miguu imemvimba.

Jumamosi moja ya Agosti mgeni akamuuliza, "Na huyo bibi aliyekuwa akiishi hapa, alikufa lini?"

Enid, na miaka yake sabini na mitatu, akavuka kamba na kuketi.

"Mama Garbutt!" Pomfret akanong'ona. "Hairuhusiwi kukaa hapo!"

"Nyumba yangu hii! Mmekula keki yangu, mmekunywa chai yangu, mkanitoa! Sitoki, ng'o! Niburuteni!"

Alilia kwa sauti mbele ya watu asiowajua. Nilikuwa mlangoni nakata tiketi, nikatamani ardhi inimeze.

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akasema hata kule York hajapata kuona mwigizaji kama huyu. Pomfret akawatazama wao, akamtazama Enid, akatoa kalamu.

Sasa imo kwenye ratiba: Jumamosi, saa nane mchana, Hasira ya Mkaaji wa Mwisho. Enid hulia kweli kila mara, mimi namjua. Saa kumi na moja nampa koti lake, namtoa, nafunga mlango.