Sauti Ilikatwa, Mkalimani Hakuambiwa

Saa mbili asubuhi, pasi imeshika moto na mashati ya watu yamejaa mezani. Mwanamke anayeyanyoosha anaisimamisha pasi, kwa sababu mlangoni ameingia mjamzito mwenye karatasi ya kliniki.

Hawasemi kitu. Mjamzito ni kiziwi. Anauliza kwa vidole. Mpiga pasi anachungulia nje kwanza, kisha anamjibu kwa mikono: presha imepanda, arudi Alhamisi, asikose. Dakika mbili wamemaliza. Mteja anaondoka bila kuacha hata soksi ya kufuliwa.

"Hapo nimevunja sheria," anasema mama huyu, akirudi kwenye shati. "Sina kibali. Nikikutwa natafsiri hata bei ya nyanya, nimekwisha."

Kwa miaka tisa alikuwa mkalimani wa lugha ya alama kwenye televisheni, yule wa kwenye kisanduku kidogo pembeni ya kioo. Wenye masikio walimpita tu. Viziwi, ambao humpa kila mtu jina la alama, walimwita Kishimo, kwa kidole kinachogusa shavu pale linapobonyea akicheka.

Lugha hiyo aliijua utotoni. Mdogo wake wa kiume alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. "Mama alikuwa anamfokea, anadhani mtoto amekuwa jeuri. Mimi ndiye niliyegundua kwamba hasikii."

Kilichomtoa kazini kilitokea mwaka juzi, miezi mitano kabla ya uchaguzi, kwenye mkutano wa waziri na wananchi uliorushwa moja kwa moja. Muuguzi mstaafu alipewa kipaza sauti. Maswali yalikuwa yamegawiwa tangu jana yake, na la kwake lilihusu maji. Aliikunja ile karatasi, akauliza lake.

"Mheshimiwa, mwanangu yuko mahabusu mwezi wa kumi na moja huu, kwa sentensi mbili alizoandika kwenye simu. Kesi haijasomwa. Wako wangapi kama yeye? Na mimi nimuulize nani?"

Chumba cha mitambo kikakata sauti. Majumbani watu wakaona midomo inacheza, wakadhani ni hitilafu. Lakini mkalimani alikuwa amesimama hatua sita kutoka kwa yule muuguzi, anamsikia vizuri, na hakuna aliyemwambia kitu. Akaendelea na kazi. Kwa dakika nne, nje ya ukumbi ule, waliopata swali lile na mengine aliyoyasema yule mama ni viziwi peke yao.

"Watu wananiita shujaa," anasema. "Ushujaa gani? Sikujua. Ningejua, labda mikono ingeshuka. Nina watoto."

Kesho yake alipewa barua. Kibali kimesitishwa kwa "kusambaza maudhui yasiyoidhinishwa." Ila kwenye mkanda hakukuwa na sauti, na wapelelezi walitaka mtu wa kuthibitisha mikono ile ilisema nini. Wakaanza kuwatafuta viziwi.

Mdogo wake, fundi viatu, alichukuliwa kwenye kibanda chake akiwa na sindano mkononi. Alikaa ndani siku tatu. Wakalimani wote waliogopa kwenda, kwa hiyo alihojiwa kwa maandishi, na kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Mwishowe alitia dole gumba kwenye maelezo asiyoyaelewa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyosomwa kwenye kikao kilichomfutia dada yake kibali moja kwa moja.

"Niliangalia lile dole gumba," anasema. "Lina kovu la kisu cha ngozi. Hata bila jina ningelijua."

Baada ya hapo kisanduku kiliondolewa kwenye matangazo yote ya moja kwa moja. Kampeni zikapita bila mkalimani, kuanzia mkutano wa kwanza hadi wa mwisho. Chama cha viziwi cha eneo lake kina wanachama mia tatu na arobaini. Katibu wao, alipoulizwa kwa maandishi walimpigia nani kura, aliandika maneno mawili: "Tulichagua sura."

Siku ya kura, mdogo wake alipanga foleni kwa saa tatu. Karibu na mlango alimgeukia dada yake, akamuuliza kwa mkono ulioshushwa, huyu wa kushoto kwenye bango ameahidi nini? Askari alikuwa amewakodolea macho. Dada hakumjibu. Mdogo wake akaingia, akatumbukiza karatasi tupu.

Yule muuguzi amehama mtaa. Mwanawe, kwa jinsi anavyosikia mkalimani, bado yuko ndani. Rufaa ya kibali imeahirishwa mara nne, na kwa kupiga pasi anapata theluthi ya alichokuwa akipata.

Jumapili mdogo wake huja kula kwake. Huongea viatu, watoto, mpira. Akianzishiwa habari za nchi, anafumba macho.

"Kiziwi akifumba macho, basi. Huna pa kupitia."

Televisheni haitamani tena, anasema. Rufaa yenyewe anaifuata kwa mazoea. Anachotaka ni kimoja. "Siku moja aniulize mwenyewe, dada, kwenye gazeti kuna nini? Nitamwambia yote, hata kama ni hapa kazini, na mlango wazi."

Jumapili iliyopita alijaribu tena. Mdogo wake alifumba macho kabla alama ya kwanza haijaisha.