Fundi kajifungia nje, mimi niko juu ya bati

Jamani, fundi amejifungia nje ya kompyuta yetu, na anayeteseka ni mimi.

Kompyuta ya mizani hapa ghala la mahindi Tunduma imegoma tangu asubuhi. Bila mizani hatushushi mzigo, na nisiposhusha siruhusiwi kwenda Kasulu kumwona mama anayeumwa.

Fundi yuko Dar. Ana kiprogramu cha usalama, anaingia kupitia modemu na kuandika amri huko huko aliko.

Shida ni kwamba modemu ikikaa chini inashika mtandao wa Zambia, na kiprogramu kikiona laini ya ugenini kinamfukuza kama mwizi.

Nikapandishwa juu ya bati, niishike modemu kuelekea Mlowo, huku kwetu Tanzania. Fundi akaonya kwa simu nisiguse kitufe chochote.

"Muha, usitikisike! Fundi kaingia!" karani akapiga kelele.

Nikashukuru Mungu.

Fundi akaiamuru modemu ijizime na kuwaka upya. Ikazima, haikuwaka. Njia aliyoingilia kaifunga mwenyewe!

Akanipigia. "Kaka, bonyeza kitufe."

"Si ulisema nisiguse?"

"Gusa tu, ndugu yangu."

Imewaka, kaanza upya. Basi langu la Kasulu limepita nikiliona.

Mama kapiga kuuliza nimefika wapi.

Nimemwambia niko juu ya bati.

Nyie mngemjibuje?