Siku blanketi la viraka lilipoota majani, na mwenye kosa nilikuwa mimi (Geita, miaka ya hamsini)

Wakuu, nawasalimu wote.

Wa kuniamkia waniamkie tu, marahaba zao nimeshaziandaa. Nimevuka themanini, na humu ndani sidhani kama yupo anayenizidi.

Jana nimeona kijana mmoja kaandika kwamba kushona kama hobi ni mambo ya watu wa siku hizi. Ati bibi zetu walishona viraka kwa sababu ya shida, hawakuwa na cha kujifunika. Nimecheka mpaka jino langu lililobaki likaniuma.

Basi nitawaeleza yaliyonikuta mwenyewe. Chumvi siongezi, maana hata bila chumvi yanatosha kuniaibisha. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona nimeruka herufi mnivumilie.

Kwetu ni Tinde, Shinyanga. Niliolewa nikiwa binti wa miaka kumi na minane, kabla ya Uhuru, na kijana anaitwa Masanja aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita, kwenye mtambo wa kusaga mawe.

Nikapanda treni Shinyanga mpaka Mwanza, tukavuka maji, tukamalizia na lori. Nilifika kambini nina vumbi mpaka kwenye kope.

Kambi yenyewe ilikuwa nyumba za mstari, chumba kimoja kimoja, na watu wa kila kabila mnalolijua. Masanja anatoka alfajiri, anarudi jioni masikio yamejaa kelele za mtambo, anakula, amelala.

Niseme ukweli, nilikuwa mpweke sana. Kwetu nilizoea shamba, ng'ombe na dada zangu wanne. Kule sikuwa na shamba wala ng'ombe, na hata wa kugombana naye sikuwa naye.

Ndipo nikamjua Bi Mwanaisha.

Huyu alikuwa mke wa fundi cherehani, Mwislamu wa Tabora, mtu mzima kidogo, mpole lakini si wa kuchezea. Hakujaliwa mtoto. Vipande vyote vilivyoanguka chini ya cherehani ya mumewe alikuwa anavikusanya kwenye debe. Kila Jumamosi alasiri anatandika mkeka barazani kwake, na wanawake wa kambini wanakuja kushona blanketi la viraka.

Kwa wasiojua: unaunganisha vipande kwa mkono mpaka vinakuwa shuka moja. Chini unaweka kitambaa cha marikani, katikati pamba, juu shuka lako la viraka. Halafu unapiga mshono kupitia vyote vitatu ili pamba isihame. Mnakuwa watu sita au saba mmezunguka kitu kimoja, kila mtu na upande wake.

Na narudia kwa yule kijana: mablanketi tulikuwa nayo! Wanaume walipewa na mgodi, yale ya kijivu yanayowasha kama upupu. Sisi tulishona kwa sababu ilikuwa raha.

Tulibishana rangi mpaka watu wanadhani tunapigana. Huyu anataka khanga nyekundu ikae karibu na khaki, mwingine anasema hapana, inaua macho. Msukuma, Mhaya, Mzinza, Mmanyema, Mkristo, Mwislamu, kila mtu na Kiswahili chake kilichopinda, na wote tunaelewana. Siku nilipokaa pale mara ya kwanza nilihisi nimepata dada zangu tena.

Tulikuwa na desturi moja. Mwanamke wa kambini akikaribia kujifungua, tunamshonea mtoto blanketi. Kila mmoja anatoa kipande cha nguo yake mwenyewe, na kiraka cha mwisho, pale katikati, anakiweka Bi Mwanaisha. Chake kilikuwa kaniki, ile nguo nyeusi, siku zote.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mama Paulo alikuwa mjamzito, na mama yangu alikuwa amenitumia gunia la pamba kutoka Tinde. Pamba ya shambani, yenye mbegu zake. Nikajitapa mbele ya wenzangu: "Pamba niachieni mimi. Nimezaliwa ndani ya pamba."

Nikaachiwa.

Wakuu, kuchambua pamba kwa vidole ni kazi ya kumzeesha mtu. Mbegu inang'ang'ania nyuzi kama kupe. Wenzangu wako kwenye mkeka wanabishana rangi na kucheka, mimi niko pembeni na kapu langu, vidole vinauma.

Na mimi subira sikujaliwa. Mpaka leo, chai naiepua haijachemka.

Nikachambua theluthi mbili. Iliyobaki nikaitandaza hivyo hivyo na mbegu zake, nikafunika juu kwa ile safi. Nikajiambia, nani ataona? Nikakimbilia kushona.

Bi Mwanaisha akapitisha kiganja juu ya blanketi, akasema, "Pamba imetulia vizuri, mwanangu. Mungu akubariki mikono."

Nikarudi nyumbani naimba. Aibu sikuwa nayo hata chembe.

Mama Paulo akajifungua salama, mtoto wa kike. Blanketi likapelekwa, vigelegele vikapigwa. Mtoto naye akafanya kazi yake, akalilowesha. Likafuliwa.

Ilikuwa masika. Likaanikwa, mvua. Likaingizwa, likatolewa, mvua tena. Mwisho Mama Paulo akalikunja likiwa bado bichi, akaliweka kwenye tenga karibu na jiko, akaendelea na mambo ya uzazi. Likakaa humo zaidi ya wiki, joto la jiko chini, maji ndani.

Nadhani wakulima humu mmeshaanza kucheka.

Alhamisi asubuhi tukasikia kelele kwa Mama Paulo. Nikakimbia na wenzangu. Pale mlangoni amesimama Bibi Kabula, mama mkwe wake Mama Paulo, aliyekuja kumlea mzazi. Ameliinua blanketi kwa ncha ya fimbo, hataki hata liguse mkono.

Limeota.

Nawaapia, limeota. Vichipukizi vyeupe na vya kijani vinachungulia kwenye mishono, vingine vimeinua viraka kama vinabisha hodi.

"Mayu wane, mama yangu!" Bibi Kabula analia. "Njooni muone! Blanketi la mjukuu wangu limeota majani! Nani ameweka mkono wake humu?"

Mmoja akasema, si kwa ubaya, kwamba kiraka cha mwisho aliweka Bi Mwanaisha.

"Yule asiye na mtoto?" Bibi Kabula akasema. "Kwa nini anawashonea watoto wa wenzake? Na kwa nini nguo nyeusi?"

Nikaona watu wanaangaliana. Wanawake waliokula naye, waliocheka naye.

Nyapara wa kambi akaitwa. Akasema mambo haya hayazungumzwi njiani. Jumamosi watu wakutane kwa fundi, Bi Mwanaisha ajieleze, na asipoeleweka, yeye na mumewe wafungashe waondoke kambini.

Mimi nilijua palepale. Nilipoona tu kile kichipukizi nilijua, maana nimekiona tangu utotoni. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu: ni pamba yangu.

Sikusema.

Niliogopa kuchekwa. Niliogopa kufukuzwa kwenye mkeka ule, nirudi kukaa peke yangu na kuta nne. Nikajiambia labda yataisha yenyewe. Nikajiambia nitasema kesho. Hata Masanja sikumwambia.

Ijumaa nikamkuta Bi Mwanaisha bombani. Akasalimia kama kawaida yake. Wanawake wakasogeza ndoo zao, hakuna aliyeitikia.

Na mimi nikainamia ndoo yangu.

Wakuu, nimefanya makosa mengi maishani, nimezika watu, nimegombana na ndugu. Ile ndoo ndiyo inayonirudia zaidi. Maji yalikuwa yameshajaa yanamwagika na mimi bado nimeinama.

Jumamosi ikafika. Baraza imejaa, mpaka wanaume. Bi Mwanaisha amekaa, khanga kichwani, mumewe pembeni yake anakunja na kukunjua tepu yake ya kupimia. Nyapara akamwambia aseme.

"Nilishona kiraka," Bi Mwanaisha akasema. "Sina lingine la kusema."

"Unaona?" Bibi Kabula akadakia. "Hana la kusema!"

Sauti ya Bi Mwanaisha ilikuwa inatetemeka. Sikuwahi kuisikia ikitetemeka.

Nikasimama. Nikasema, "Naomba mkasi."

Nikalivuta lile blanketi, nikafumua mshono wa pembeni mbele ya watu wote, nikachota pamba nikaitandaza mkekani. Mbegu zikaonekana, nyingi, nyingine zimepasuka zimetoa mkia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichoka kuchambua. Nikaziacha humo. Blanketi limelowa, zimeota. Bi Mwanaisha hakujua chochote."

Bibi Kabula akainama, akaokota mbegu moja, akaing'ata, akaitema kiganjani akaitazama. "Buluba," akasema kwa sauti ndogo. Pamba.

Nyapara ndiye aliyeanza kucheka. "Baraza nzima ya wakulima wa pamba," akasema, "na hakuna aliyeutambua mche wa pamba!" Basi watu wakaangua kicheko, wanaume wanajipiga mapajani, Mama Paulo mwenyewe anacheka huku amebeba mtoto. Nikahisi mzigo umenitoka, nikacheka na mimi.

Bi Mwanaisha hakucheka. Alikunja mkeka wake akaingia ndani.

Nikamfuata mpaka mlangoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Akaegemeza mkeka ukutani. "Marahaba."

"Nisamehe."

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Tangu Alhamisi."

Akanitazama. "Jana pale bombani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbegu nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Kuchoka ni kwa kila mtu. Hizo siku mbili, niachie kwanza."

Akafunga mlango, taratibu, hata hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi tatu mkeka haukutandikwa. Kambi ikawa kama imefiwa.

Bibi Kabula alikwenda mwenyewe kwa Bi Mwanaisha, bila kutumwa na mtu. Akakaa tangu alasiri mpaka magharibi. Walizungumza nini hatukujua, ila alitoka macho yamevimba.

Mimi nililichukua lile blanketi, nikalifumua lote, nikachambua mbegu moja moja. Safari hii sikuacha hata moja. Kila asubuhi nilipita kumwamkia Bi Mwanaisha. Akaitikia marahaba, basi, na mimi nikaenda zangu.

Jumamosi ya nne nikauona mkeka. Wanawake wameshakaa, na Bibi Kabula yumo! Ameshika sindano kama jembe, analalamika kwamba uzi unajifunga wenyewe. Mimi nikasimama mbali karibu na tangi la maji, najifanya nina shughuli.

"Mke wa Masanja," Bi Mwanaisha akaita bila kuinua kichwa. "Umesimama huko kama mkaguzi wa nini? Njoo ushike upande huu, unalegea."

Nikaenda nikashika.

Tulishona pamoja miaka sita, mpaka Masanja alipohamia kazi nyingine tukarudi Shinyanga. Raha niliyoipata kwenye ule mkeka sijaipata tena popote. Tulishona, tukafundishana, tukazaa, tukasutana, tukapatana. Bibi Kabula alikuja kuwa mshonaji hodari kuliko mimi, na hakuacha kunikumbusha.

Lakini Bi Mwanaisha hakuwahi kuniambia kwamba zile siku mbili amenisamehe. Na mimi sikuwahi kumuuliza. Alishafariki, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo kijana, hobi tulikuwa nayo, tena ya kufa mtu. Hata leo macho yakiniruhusu huwa naunga viraka viwili vitatu, natabasamu peke yangu kama chizi.

Nilichojifunza mimi si habari ya mbegu. Kazi ya mkono ukiifanya na wenzako, wanakuachia kipande chao cha imani, na mvivu mmoja anatosha kukitoboa. Kitu kinafumuliwa, kinashonwa upya. Kimya hakifumuliki.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye bibi zao waliokuwa na vikundi vya kushona, kufuma au kusuka mikeka, waweke hapa tuwasome. Wa kunicheka nao waje, nimezoea.

Ila mwenzako akiwa amebebeshwa kosa lako, na wewe unajua, mkuu, usingoje Jumamosi.