Msikilizaji wa Nyuma ya Ukuta

Jirani yangu mwandishi hutembea na penseli mbili nyuma ya masikio: ya kulia ni ya kitabu anachoandika kuhusu madaraja ya mitoni, ya kushoto ni ya kingine kuhusu siafu. Kalamu nyekundu ya kusahihishia insha za wanafunzi hukaa mfukoni, na imeshaharibu mashati matatu. Nayajua, maana niliyashona mimi. Hufundisha mpaka saa nane, akarudi na chaki kwenye viwiko, akamwagilia nyanya zake za kwenye makopo huku akizijulia hali, kisha akaketi kuandika. Ukurasa ukiisha hujipongeza kwa filimbi, wimbo uleule, na kila siku hukosea palepale. Kosa lenyewe nimeshalizoea, siku hizi nalisubiri.

Anachoandika hukisoma kwa sauti, na ukuta wetu ni mwembamba. Jana alisoma habari za fundi aliyemaliza daraja la kamba, akataka awe wa kwanza kulivuka, mkewe akimtazama kutoka ng'ambo. Cherehani yangu ikanyamaza. Nikamsikia akipiga kofi moja la furaha.

"Dada, umesimama," akaniita. "Ukiendelea kushona, nafuta nilichosoma. Ukisimama, nakiacha kilivyo. Mwaka wa pili huu nakusikiliza."

Kumbe uzi ulikuwa umekatika tu, lakini ningeanzaje kumwambia? Nikautunga upya, nikaweka mguu kwenye pedali, nikauondoa.

"Kaka," nikamwambia, "sasa alivuka, au hakuvuka?"