Kifua Kinabana Lini?

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mwanamke wa kuuliza. Ukimletea gauni lililopasuka, hashiki sindano mpaka ajue lilipasukia wapi na ulikuwa unafanya nini. Majirani walimbandika jina la Kwanini, naye aliitika bila kinyongo.

Mwaka huo alikuja kuishi kwake binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye pumu tangu utotoni. Shuleni, kipindi cha michezo, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi na kulinda mabegi ya wenzake. Nyumbani kwa wazazi wake walimkataza kukimbia. Lakini jioni, uani kwa shangazi yake, aliruka kamba mpaka mia na kifua kisitoe hata mluzi.

"Mbona ukiruka kamba kifua hakikubani?" Kwanini akauliza.

"Sijui, shangazi."

"Hata mimi sijui. Basi tutafute."

Wakaenda kliniki. Daktari alimpima, akaandika maelekezo: avute dawa robo saa kabla ya mazoezi, aanze polepole, na kifua kikianza kupiga mluzi asimame, avute tena. "Mazoezi yanamfaa," alisema. "Ila chunguzeni kinachomchokoza."

Kuambiwa achunguze! Kesho yake Kwanini alisimama kando ya uwanja wa shule, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Filimbi ililia, watoto wakachomoka kama mishale, vumbi likatimka. Hapo akapata picha. Uani kwake, msichana aliruka taratibu huku akipiga soga, kisha ndipo akaongeza kasi. Tena sakafu ilikuwa imelowa maji ya kufulia, vumbi halikutimka.

"Mwalimu, hawa wanakimbia kabla miili haijapata moto?"

"Kipindi kifupi, mama," mwalimu wa michezo akajitetea. "Na huyu wako namwogopa. Akizidiwa mikononi mwangu je?"

Kwanini akamkabidhi maelekezo ya daktari, akamwonyesha pampu ya dawa inakaa mfuko gani. Wakakubaliana: dakika kumi za kutembea na kujinyoosha, darasa zima, na mbio zihamie upande wa nyasi.

Siku ya kwanza Kwanini alikimbia na msichana. Mzunguko wa pili kifua kikapiga mluzi. Msichana akaketi, akavuta dawa. Shangazi mtu akahema kuliko mgonjwa. Pumzi ziliporudi, msichana akanyanyuka.

"Naendelea."

"Leo imetosha. Kesho ipo."

Kesho ikaja, na nyingine nyingi. Mwisho wa muhula, kwenye mbio za darasa, msichana alimaliza mizunguko minne akiwa wa pili kutoka mwisho, akarudi nyumbani amenuna.

"Nini tena?"

"Kuna mtu kanizibia kwenye kona, shangazi. Anakimbia polepole kama anatafuta sindano! Ningekuwa wa tano."