Mama wa Nani?

Shangazi alilamba kidole kabla ya kufunua ukurasa wowote, na kompyuta ilipoletwa masjala hakuacha: alilamba kidole, ndipo akabonyeza kitufe. Wauguzi walimcheka. "Chekeni," aliwaambia, "mradi faili lionekane."

Alikuwa karani wa masjala ya zahanati kwa miaka thelathini na mmoja. Mfumo mpya wa kompyuta aliutengeneza binti wa kaka yake, naye alimchukulia kila mgonjwa kama kitu kamili: Mtoto kivyake, Mama kivyake, kila mmoja amebeba taarifa zake zote.

"Kwani mama ni aina ya mtu?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi. Ana ujauzito, ana kliniki yake..."

"We naye! Mama ni mama wa nani?"

Binti alicheka, akaendelea na kazi.

Wiki ya kwanza ya majaribio aliingia mjamzito wa miaka kumi na tisa, homa imemshika. Mfumo ukamfungulia ukurasa wa Mama, mweupe, hauna neno. Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano Shangazi alipomtazama mgonjwa usoni.

"Ngoja kwanza. Huyu kazaliwa humu humu."

Alizama makabatini, akaibuka na kadi ya utotoni iliyokunjamana: penisilini nusura imuue akiwa na miaka minne. Kwenye kompyuta habari hiyo ilikuwepo pia, imefungiwa kwa Mtoto, ambako hakuna aliyefikiria kutazama. Mtu mmoja alikuwa amefanywa wawili.

Muuguzi akaiweka sindano chini. Binti akakaa sakafuni.

"Inuka," Shangazi alisema. "Hajafa mtu. Bomoa, tujenge."

Walijenga kwa siku nne: jedwali moja la watu, kila mtu mstari mmoja maisha yake yote, jedwali la pili likieleza nani ni nani kwa nani. Kwenye skrini mgonjwa bado alionekana kama kitu kamili, kama binti alivyopenda, lakini chini kule umama ulikuwa uhusiano tu.

"Kumbe hata mimi ningeweza," Shangazi alisema.

"Si ndiyo umeweza, Shangazi."

Moyo ulimlaza Shangazi mwaka wa pili baada ya kustaafu. Alimpigia binti simu kutoka wodini, sauti imekwisha, amri iko palepale.

"Sikia. Nimeambiwa mnapunguza mistari kwenye majedwali. Usifute mstari wa mtu eti kafa. Watoto wake watakuwa watoto wa nani?"